Kwa mwanangu, kuhusu ugonjwa wa mjomba wako

Marahaba, mwanangu. Umeniuliza mawili: kama mjomba wako aambiwe kwamba kinyama walichochukua kupima hospitali ya KCMC, Moshi, kimeonyesha saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, maana ndugu wa Kibosho wanataka afichwe, na wewe uliyeko Arusha usaidie vipi zaidi ya kutuma hela.

Aambiwe. Mtu aliyeanza kukwamwa na nyama, ukafuata ugali, na sasa hata uji unampa kazi, anajua kuna jambo kubwa. Mkimficha atalisikia kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Tena ataombwa kusaini fomu za matibabu. Atasaini nini asichokijua? Ila msimwambie ninyi kwenye simu. Daktari amweleze faragha, akiwa na mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe. Kwanza aulizwe kama anataka kuelezwa yote au kidogo kidogo, na jibu lake liheshimiwe.

Huyo mmoja aende na daftari na aulize haya: ugonjwa umefikia hatua gani, na kama kipimo cha CT, cha kupiga picha za ndani ya mwili, bado, kitafanyika lini? Matibabu yanalenga kuponya, au kumpunguzia mateso na kumwezesha kula? Akihitaji mionzi, ataipatia wapi, na nani atamsindikiza? Majibu yaandikwe palepale. Wakiingia ndugu watano kwa daktari, hutoka na habari tano.

Na hayo maneno kwamba amejitakia kwa kupenda chai ya moto, yakome. Ni kweli vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65 vinahusishwa na saratani hii, kama zilivyo pombe na tumbaku. Lakini nani huko kwetu hanywi chai inayofuka moshi? Lawama haimpitishii mtu chakula kooni.

Chakula ndicho kitakachowasumbua kuliko yote. Umesema wanafikiria kumwekea mpira wa kulia tumboni. Watu huuogopa wakidhani ni dalili ya mwisho, kumbe mara nyingi unawekwa ili apate nguvu za kuhimili matibabu. Mwanzoni muuguzi atawapangia kiasi kidogo, kisha kitaongezwa mpaka kama ml 200 hadi 250 kwa mlo mmoja, mara tano au sita kwa siku. Mtori unafaa sana: ndizi ziive hadi zivurugike, nyama isagwe kwenye blenda pamoja na supu yake, muongeze maziwa na kijiko cha mafuta, halafu mchuje. Uchujeni mara mbili. Nyuzi za nyama ndizo zinazoziba mpira. Uwe vuguvugu tu. Mgonjwa akae wima wakati wa kulishwa na kwa nusu saa hadi saa nzima baadaye, la sivyo chakula hupanda na kuingia kwenye njia ya hewa.

Kabla na baada ya kila mlo pitisheni ml 30 hadi 50 za maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Hatua hii ndiyo watu huiruka usiku wakiwa na usingizi, na asubuhi mpira umeziba. Ukiziba, sukumeni na kuvuta maji ya vuguvugu polepole kwa bomba la sindano. Msichokonoe kwa waya. Vidonge visipondwe na kupitishwa humo kabla ya kumuuliza mfamasia, maana vingine havipaswi kupondwa. Mpira ukichomoka, nendeni hospitali saa hiyohiyo. Tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache, na mkingoja kesho huenda akalazimika kutobolewa upya. Na akikohoa kila anapomeza hata maji, aache kunywa kwa mdomo na daktari ajulishwe siku hiyohiyo.

Kuhusu maumivu, akipewa mofini ya maji msiikatae. Kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, kwa saa na si kwa kusubiri aanze kulia. Haimfanyi mlevi wa dawa, wala haina maana kwamba amekatiwa tamaa. Siku za kwanza atasinzia, kisha hupungua. Choo kigumu hakipungui chenyewe, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Ml zipimwe kama zilivyoandikwa. Nguvu ya dawa si sawa kwa kila chupa. Ulizeni pia mapema tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Kwenu Arusha, hospitali ya Selian inafahamika kwa huduma hiyo, akija kukaa kwako.

Mitishamba italetwa tu. Mnakumbuka mwaka 2011 watu walivyomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi cha Babu, na wengine wakaacha dawa zao. Msigombane na anayeleta. Mwambieni mjomba amweleze daktari anachokunywa, kwa sababu baadhi ya mizizi huumiza ini na kuvuruga matibabu.

Sasa zamu yako. Kama hana bima, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla bili haijakua, si siku ya kuruhusiwa. Fungua kundi la WhatsApp la michango, mweka hazina awe mmoja, na kila Jumapili aandike kilichoingia na kilichotoka. Sisi tunachangia msiba siku moja na ugonjwa kwa kusuasua, basi omba vitu vinavyoonekana: nauli ya kliniki, maziwa, kipimo fulani.

Halafu wifi yangu. Yeye ndiye anayeamka usiku, na hatasema amechoka. Atafutiwe usiku mbili kila wiki za kulala chumba kingine, mtu mwingine akishika zamu. Wageni wasizidi wawili kwa wakati mmoja, na asiwepo wa kumwambia mgonjwa "umekonda". Uzito wapimeni ninyi mara moja kwa wiki, muuandike kwenye daftari lile.

Ukija Jumamosi usibebe matunda. Lete chujio lenye matundu madogo na mabomba mawili ya sindano ya ml 60, na ulale huko siku mbili.

Mama yako