Moyo umepoa baada ya jeshi: usiamue leo

Kaka, umeeleza kwamba umeacha jeshi ulikokuwa rubani, umerudi nyumbani Tabora kujisomea mitihani ya leseni ya ndege za abiria, na kila ukifungua kitabu hamu inaisha. Pole sana. Nilipita hapo hapo.

Jeshini ulizoea kuikaba ndege kwa mikono yako, kila siku kazi mpya. Kwenye ndege za abiria ni otopailoti (mtambo unaojiongozea ndege), orodha ya ukaguzi, njia ileile asubuhi na jioni. Miezi ya mwanzo niliona nimekuwa dereva wa basi. Kilichonibadilisha ni asubuhi moja ya masika tukishuka Kigoma, mimi rubani msaidizi, wingu limelala mpaka juu ya ziwa. Tulipogusa lami, nilisikia mama mmoja nyuma akisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya kulia. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Nilijua hapo kwamba utulivu nao ni ufundi.

Lakini wewe si mimi. Ukiona ndege kubwa hazikuiti, kuna ualimu wa urubani, kuna ndege ndogo za kukodi. Huko bado unarusha kwa mkono. Ila usiache cheti cha afya kiishe muda, kukihuisha baadaye ni usumbufu. Nenda TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kitabu chako cha saa za kuruka, uliza za jeshini zinahesabiwaje, maana leseni ya juu inadai saa 1,500.

Na shemeji, umemwambia? Mwambie leo.