Usifute hizo picha 14,000

Mkuu, toa kidole kwenye kitufe cha kufuta kwanza. Mengine tutaongea baadaye.

Umesema una kamera miezi 8 sasa, umepiga kama picha 14,000, diski imejaa, raha imekwisha na hujui jicho lako ni lipi. Unauliza ununue lenzi ya milimita 35, 50 au 85, kama kuna kozi ya kulipia inayofaa, na namna ya kupata rangi zako mwenyewe. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, umeandika kwamba wikendi hii utabakiza zile 60 zilizopata laiki nyingi na kufuta zote zilizobaki ili uanze upya. Hapo roho imeniuma. Mimi nilifuta za miaka 3 kwa mtindo huo huo, na ninachokitafuta mpaka leo kilikuwa ndani ya nilizofuta.

Ushauri huo najua unakotoka. "Bakiza asilimia 1." "Kuwa mkatili." "Futa hapo hapo kwenye kamera, usibebe takataka kwenda nayo nyumbani." Wengi wanaoufundisha wanapiga kazi za wateja: harusi, bidhaa, picha za pasipoti. Kwao una maana, kwa sababu mteja ameshasema anataka nini: macho yawe wazi, sura isitikisike, nguo iwe na rangi yake. Picha inaweza kupimwa usiku huo huo kwa sababu kipimo kipo. Wewe huna mteja. Hakuna aliyekuandikia picha nzuri ikoje, na hilo ndilo unalolitafuta. Ukichuja leo, unachuja kwa kipimo cha nani? Aliyenifundisha mimi alichukua ada, aliona darasa zima ni la watu wanaopiga kwa kujifurahisha, na bado akatupa kanuni ya studio. Sijamsamehe, na sioni sababu ya kumsamehe wakati kila wiki nakuta mtu mwingine ameambiwa maneno yale yale.

Picha uliyoipiga leo huwezi kuihukumu leo. Skrini ya nyuma ya kamera ni ya inchi 3 hivi, na hata kama unapiga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, unachoonyeshwa pale ni JPEG iliyopikwa na kamera kwa mipangilio yake. Histogramu nayo, ile grafu ya giza na mwanga, inasomwa kutoka kwenye JPEG hiyo. Anga unaloliona limeungua, mara nyingi kwenye faili la RAW bado lina mawingu, na kivuli unachokiona cheusi tii kina kitu ndani yake. Hilo ni la mitambo tu. Kubwa zaidi ni kichwa chako. Jioni ile bado unakumbuka ulichokuwa unakitaka: ulimvizia mtu akanyage kwenye mwanga, akawahi nusu hatua, basi fremu umeiita mbovu kwa sababu unailinganisha na ile iliyokuwa kichwani. Na ile uliyoingojea saa 2 juani unaipenda kwa ajili ya jasho lako. Wiki kadhaa zikipita kumbukumbu hiyo inapoa, ndipo unaiona picha yenyewe.

Garry Winogrand, aliyepiga mitaa ya New York na miji mingine ya Marekani, alikuwa anaacha filamu zake mwaka mzima au zaidi bila kuzisafisha, makusudi, ili asahau alivyojisikia siku ya kupiga. Alipofariki mwaka 1984 aliacha filamu kama 2,500 ambazo hazijasafishwa. Sikwambii ufike huko. Robert Frank naye alizunguka Marekani mwaka 1955 na 1956, akapiga filamu zaidi ya 700, na kitabu kikatoka na picha 83. Wahubiri wa asilimia 1 wanapenda sana kumtaja. Hawasemi kwamba kabla ya kufikia 83 alichapa kama 1,000 za kufanyia kazi, akazibandika ukutani na kuzitandaza sakafuni, akazihamishahamisha kwa miezi. Wala hakuzitupa negativu. Alikuja kuzitoa mwaka 1990 kwa National Gallery of Art kule Washington. Alichagua 83. Kuchagua na kufuta ni kazi mbili, na ya pili haina haraka yoyote.

Sasa hizo laiki. Mtu anaitazama picha yako kwenye simu, ikiwa na upana wa vidole vitatu, kwa sekunde moja, kisha anapandisha juu. Katika sekunde moja kinachopita ni kitu kimoja kikubwa katikati, rangi kali, jua linalozama, uso unaokutazama. Picha inayotaka sekunde 10 haina bahati pale hata iwe nzuri namna gani. Kwa hiyo zile 60 zimechaguliwa na ukubwa wa skrini za watu. Ukizibakiza hizo peke yake, mwezi ujao utatoka kwenda kutafuta zinazofanana nazo, kisha utarudi hapa kutuambia raha imekwisha tena.

Angalia ulizoweka mwenyewe kwenye uzi. Ya kwanza, mti mweusi mbele ya jua jekundu, ndiyo iliyopendwa. Ni safi, sina la kuongeza. Tatu zinazofuata umeziweka kama mfano wa takataka: mkono nyuma ya pazia, kiti kitupu mlangoni, mtoto anakimbia mpaka amekuwa ukungu. Nimezifungua kubwa. Katika zote tatu kitu kimesukumwa ukingo wa kushoto, upande wa kulia umeachwa kivulini, na mwanga unaingia pembeni kupitia uwazi mwembamba. Ile ya pazia umepiga kwa 1/15 ya sekunde. Kitambaa kimetikisika, lakini vidole viwili vimetulia, na ukucha wa kidole gumba umeshika mstari wa mwanga. Tarehe ulizoandika chini yake ni za miezi mitatu tofauti. Hukupanga, na umelifanya mara tatu. Unauliza jicho lako liko wapi, nawe umeliweka kwenye folda ya kufutwa!

Kanuni yangu ni moja: usichague siku uliyopiga, na usifute. Ukirudi, hamishia picha kwenye kompyuta, funga folda, nenda kalale. Hakuna kuzipa nyota, hakuna kuvuta karibu kuangalia kama kope zimekaa fokasi, hakuna kuposti. Folda ipewe jina la tarehe, 2025-03-14, isifunguliwe kabla ya siku 30. Weka siku maalum, tuseme Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, unafungua za mwezi uliotangulia ule uliopita: Machi unafungua za Januari. Usipoiweka kwenye kalenda, folda zitarundikana mpaka ziogopeshe, na hapo ndipo wengi huishia kufuta kwa hasira.

Siku ya kufungua, zitazame zikiwa ndogo, kama 20 kwenye skrini moja, haraka, sekunde 1 au 2 kila picha. Usijiulize "ni kali?" au "upeo umenyooka?" Jiulize macho yamerudi wapi yenyewe. Hiyo ipe alama ya rangi. darktable ni programu ya bure na inafanya hivyo vizuri. Baada ya wiki moja ficha zile alama, rudia folda ile ile na utumie rangi nyingine. Zilizopata rangi zote mbili ndizo zako. Mara ya kwanza utashangaa ni chache kiasi gani, na ngapi kati yake zina kasoro.

Kinachoruhusiwa kufutwa papo hapo: kifuniko cha lenzi, mfuko wa begi ulioupiga kwa bahati mbaya, na picha ambayo mtu aliyemo amekuomba uifute. Hiyo ya mwisho ifute mbele yake, bila ubishi.

Tatizo la nafasi ni la hesabu tu. Faili la RAW la kamera ya megapikseli 24 lina MB 25 hivi, ukizidisha kwa 14,000 ni GB 350. Diski ya nje ya TB 1 inabeba zote na kubaki na nafasi. Nunua mbili, moja ikae nje ya nyumba. Pesa uliyotenga kwa lenzi iende huko. Kama hata hiyo haiwezekani kwa sasa, zile unazotaka kuziondoa zigeuze JPEG zenye pikseli 2048 upande mrefu. Kila moja itakuwa na KB 600 hivi, zote 14,000 zitaingia kwenye GB 8 au 9. Huwezi kuchapa bango kwa hizo, lakini kazi ninayokueleza zinaifanya. Na kamera iondoe kwenye kupiga mfululizo, weka fremu moja kwa mbonyezo mmoja. Kwa fremu 10 kwa sekunde, 14,000 si nyingi kama unavyodhani, na sehemu kubwa ya mzigo wako huenda ni hiyo.

Kuwa makini unapohamisha. Kamera nyingi huhesabu mpaka 9999 kisha zinarudi 0001. Wewe umeshavuka, maana yake una majina yanayojirudia maelfu. Ukizimwaga zote kwenye folda moja na kompyuta ikauliza "badilisha lililopo?" nawe ukakubali, umefuta bila kujua kwamba umefuta. Iambie programu ibadilishe majina wakati wa kuingiza kwa tarehe na saa, mfano 20250314_173205, na iongeze namba mwishoni kwa zilizopigwa sekunde moja. Kadi usiifomati mpaka uwe na nakala mbili na umefungua faili kadhaa za kila nakala ukaona zinafunguka.

Kama ulishaanza kufuta kabla ya kusoma hapa: kadi itoe kwenye kamera sasa hivi, usipige hata fremu moja juu yake. Kufuta kwa kawaida kunaondoa jina kwenye orodha tu, picha inabaki mpaka nyingine iandikwe juu yake. PhotoRec ni programu ya bure ya kuokoa faili zilizofutwa, na inasoma RAW. Unachookoa kiandikwe kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ile ile. Kwa diski ya kuzunguka matumaini yapo. Kwa SSD, diski isiyozunguka, ya ndani ya kompyuta ni madogo, kwa sababu mfumo huipa taarifa ya sehemu zilizoachwa nayo huzisafisha yenyewe. Ndiyo maana sauti yangu iko juu.

Ukishapata 80 au 100 zenye rangi mbili, zichape kwa sentimita 10 kwa 15. Pikseli 1200 kwa 1800 zinatosha, kwa hiyo hata zile JPEG ndogo zinafaa kwa fremu ya kawaida. Usizihariri, wala usinyooshe upeo. Nyuma andika tarehe kwa maka ya ncha nyembamba, uache wino ukauke kabla ya kuzipanga moja juu ya nyingine. Kalamu ya kawaida haishiki vizuri kwenye karatasi hizo za plastiki, na ukikandamiza inaacha mfereji upande wa picha. Kisha tandaza sakafuni, zote kwa mara moja.

Hapa watu hukosea: wanapanga makundi ya "watu", "majengo", "maua". Makundi hayo hayakwambii chochote, kila mtu anayo. Panga kwa mengine. Mwanga umetoka upande gani? Ulikuwa umbali gani: hatua 2 au 10? Kitu kiko katikati au kinaelekea kutoka nje? Mbele yake kuna kizuizi, mlango, kioo, nguzo? Kundi litakalokuwa kubwa bila wewe kulitarajia ndilo la kufuata miezi mitatu inayofuata. Toka ukalitafute hilo tu. Zile za uwazi mwembamba na kivuli cha kulia, kwa mfano.

Lenzi: exiftool ni programu inayosoma taarifa zilizofichwa ndani ya faili la picha; endesha exiftool -r -T -FocalLength . ukiwa ndani ya folda ya zilizochaguliwa, uone urefu gani umejirudia zaidi kwenye ile lenzi yako ya kuvuta. Jibu la 35, 50 au 85 liko kwenye faili zako tayari.

Na raha uliyosema imekwisha, mimi naamini inakufa usiku, mbele ya skrini, wakati wa kuhesabu ngapi zimefaulu. Ukijua leo hakuna mtihani, unatoka tofauti. Unapiga kiti kwa sababu kimekuvuta, unapita. Unasimama mahali dakika 20 ukitazama mwanga unavyopanda ukutani, na usipobonyeza hata mara moja hujapoteza siku. Mpaka folda ifunguliwe umeshasahau nusu ya ulivyopiga, na unakutana na picha zako kama zawadi kutoka kwa mtu anayekujua. Hilo hutalipata kwenye 60 zilizopendwa na watu usiowajua.

Wikendi hii usifanye chochote zaidi ya diski mbili na kunakili. Ukishatandaza sakafuni, panda juu ya kiti, ipige sakafu nzima, uilete hapa tuitazame pamoja. Ile ya pazia iweke kwanza upande wa kushoto.