Nani kamfunga nani? Maswali yenu kuhusu ratiba za futiboli ya vyuo Marekani (ile ya mpira wa yai, siyo soka)

Kwanini kila mwaka ugomvi wa ratiba? Si waangalie tu nani kashinda nyingi?

Ndugu yangu, timu ziko zaidi ya 130 na kila moja inacheza mechi 12 tu kabla ya fainali za konferensi (makundi ya vyuo, kila moja kama ligi yake). Ligi Kuu Bara timu 16 zote zinakutana nyumbani na ugenini, msimamo unaongea wenyewe. Kule timu mbili zinaweza kumaliza zote na ushindi 11 na hazijakutana na mpinzani hata mmoja wa kufanana, ndo maana kuna kamati ya watu 13 inayochagua timu 12 za mtoano (hadi msimu wa 2023 zilikuwa 4), na lazima waulize umemfunga nani.

Florida State walionewa 2023 au la?

Walionewa, tena sana. Wamemaliza 13-0 (ushindi 13, vipigo sifuri), mabingwa wa konferensi ya ACC, kamati ikawaruka ikamchukua Alabama mwenye 12-1, eti kotabeki (mrusha mipira anayeongoza mashambulizi) wao Jordan Travis kaumia kwahiyo timu siyo ileile. Na watu wakasema ACC laini, wakati hao hao Florida State walishazifunga timu mbili za SEC, konferensi ya Alabama, msimu ule, LSU 45-24 na Florida (chuo kingine hicho) 24-15 nyumbani kwao, sasa ulitaka wafanye nini tena? Msiniletee ile 63-3 waliyofungwa na Georgia kwenye Orange Bowl, mechi ya mwisho wa msimu nje ya mtoano, wachezaji kibao walikuwa washajitoa, wengine wanajiandaa na NFL, ligi ya kulipwa, wengine wanahama chuo.

Lakini kaka, SEC si ndo ngumu kuliko zote?

Ngumu ni kweli, walichukua ubingwa wa taifa miaka saba mfululizo, msimu wa 2006 mpaka 2012, hilo halina ubishi. Ninachokipinga ni hesabu inayojizungusha. Kabla mtu hajagusa mpira timu zao nyingi zinawekwa kwenye orodha ya timu 25 bora, afu zinaanza kufungana zenyewe kwa zenyewe, anayeshinda anasifiwa kamfunga timu kubwa, anayefungwa hashuki sana maana kafungwa na timu kubwa, mpaka Novemba wote bado wako juu na hakuna aliyethibitisha chochote nje ya nyumba yao. Kitu pekee kinachovunja huo mzunguko ni mechi za nje ya konferensi, na hizo ndo chache. Tena konferensi za Big Ten na Big 12 wamekuwa wakicheza mechi 9 za konferensi, SEC 8, na ndo unakuta katikati ya Novemba 2024 Alabama yuko uwanjani na kibonde Mercer, 52-7. Kuanzia 2026 SEC wanaenda 9, hapo nawapongeza.

Indiana 2024 waliingia mtoano kwa ratiba ya mteremko, Alabama akaachwa. Haki iko wapi?

Mteremko ulikuwepo, nje ya konferensi walicheza na FIU, Western Illinois na Charlotte, na walipokutana na Ohio State wakala 38-15. Ila walimaliza 11-1. Alabama 9-3, na katika vile vipigo vitatu kuna cha Vanderbilt 40-35 na cha Oklahoma 24-3, timu ambazo zote zilimaliza msimu wa kawaida 6-6! Ratiba ngumu inakupa nafasi ya kushinda mechi kubwa, haikupi msamaha wa kufungwa na timu za katikati. Hapo kamati ilifanya sawa kabisa.

Chuo kidogo kitapataje ratiba ngumu?

Swali zuri kuliko yote dada, na ndo linaniuma. Ratiba zinapangwa miaka mingi kabla na vigogo hawataki kuja kwako, wanakulipa uende kwao. Northern Illinois walilipwa dola milioni 1.4 kwenda kwa Notre Dame 2024, wakashinda 16-14. UCF 2017 walimaliza 13-0 wakimfunga Auburn 34-27, Auburn aliyekuwa kashawafunga Georgia na Alabama, yaani wale wawili waliocheza fainali ya taifa, na UCF kamati ilikuwa imewaweka nafasi ya 12. Mfumo wa sasa unatenga nafasi 5 kwa mabingwa wa konferensi, afadhali.

Texas kaanza 2025 kwa Ohio State, kafungwa 14-7, kamaliza 9-3 na kaachwa. Nani tena atakubali mechi kama hiyo?

Kilichomuua Texas ni kufungwa na Florida aliyemaliza 4-8, siyo Ohio State. Lakini hofu yako ni ya kweli, vyuo vikianza kukimbia mechi hizo tutabaki na makisio tu. Kamati itangaze mapema, kwa maandishi, kwamba kipigo cha ugenini nje ya konferensi dhidi ya timu iliyoishia kwenye mtoano hakimshushi mtu hata nafasi moja, na anayejaza Septemba yake kwa vibonde wa kulipwa ndo akae nyuma pale rekodi zinapofanana.