Siku 28 za Tanzania na 21 za Kenya

Kisheria likizo ya mwaka ya mfanyakazi ni angalau siku 28 Tanzania na 21 Kenya, lakini Mtanzania hamzidi Mkenya likizo kwa sababu tu 28 ni kubwa kuliko 21. Hizo 28 ni za kalenda, tena mfululizo: Jumamosi na Jumapili zimo, na hata sikukuu ikiangukia humo ndani inahesabiwa. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kimelisema hilo la sikukuu wazi kabisa, ingawa maofisini watu bado wanabishana. 21 za Kenya, kwa kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira ya 2007, ni siku za kazi.

Kwa anayeingia kazini Jumatatu hadi Ijumaa, 28 ni wiki nne, yaani siku 20 za kazi. Mkenya anampita kwa moja! Kwa wa siku sita kwa wiki mambo yanageuka, maana 21 zinakuwa wiki tatu na nusu tu.

Ila hivyo ni viwango vya chini. Mwajiri anaweza kutoa zaidi, kwa hiyo angalia mkataba wako umeandika "siku" au "siku za kazi".