Maswali na Majibu: Kwa Basi kutoka Glasgow hadi Oban na Kurudi

*Tumekata tiketi za basi la watalii kutoka Glasgow hadi Oban, mji wa pwani huko Uskoti, kwenda na kurudi siku moja. Tukae upande gani?*

Wengi watawashauri mkae kulia, nyuma ya dereva, kwa sababu asubuhi basi hufuata ukingo wa magharibi wa Loch Lomond, ziwa lenye eneo kubwa kuliko yote katika kisiwa cha Britania, na maji yote huwa mkono huo. Mimi nachagua kushoto, mradi basi lipitie Inveraray wakati wa kwenda na Crianlarich wakati wa kurudi. Mkishavuka lango la milima liitwalo Rest and Be Thankful, yaani “pumzika ushukuru”, Loch Fyne huwa kushoto, kisha Loch Awe nayo kushoto, pamoja na magofu ya ngome ya Kilchurn yaliyosimama pembeni kabisa mwa maji. Na jioni Loch Lomond yenyewe huwarudia upande huo huo. Basi likizunguka kinyume, kaeni kulia.

*Loch ni ziwa au ni bahari?*

Ni vyote viwili. Kigaeli cha Uskoti hutumia neno hilo kwa ziwa la maji baridi na pia kwa mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, ambao watu wa pwani yetu huuita hori. Loch Lomond na Loch Awe ni maji baridi, ilhali Loch Fyne na Loch Etive ni maji ya chumvi yenye kupwa na kujaa. Tazama mawe ya ukingoni: yakiwa na utepe wa mwani wa kahawia, hiyo ni bahari, hata kama pande zote unaona milima na kondoo tu. Mfano mzuri zaidi uko Connel, kilomita chache kabla ya Oban, ambako maji ya nje hupwa upesi kuliko Loch Etive inavyoweza kujimwaga juu ya kizingiti cha mwamba, na hivyo chini ya daraja la chuma bahari hugeuka maporomoko yenye povu na kishindo, hasa siku za bamvua. Hapo, nakiri, waliokaa kulia ndio wenye bahati.

*Kwa nini basi husimama mara kwa mara, halafu Oban tunapewa muda mfupi?*

Kwa sheria, dereva akiendesha kwa muda wa saa 4 na nusu lazima apumzike dakika 45, ambazo anaweza kuzigawa, 15 kwanza na 30 baadaye. Isitoshe, mvua kubwa huporomosha udongo pale Rest and Be Thankful na barabara hufungwa, hivyo muda wa Oban hupungua.

*Sisi ni Waislamu. Je, samaki wa kukaanga wa huko wanafaa?*

Ulizeni mambo mawili kabla ya kuagiza. Maduka mengi ya Uskoti hukaangia mafuta ya ng'ombe, ambaye huenda hakuchinjwa kihalali, na rojo la unga linalopakwa samaki wakati mwingine huchanganywa na bia.

*Twende mwezi gani?*

Mwezi wa Mei, kabla usubi hawajawa wengi. Juni jua huchwa baada ya saa nne usiku, lakini usubi watawauma mkishuka tu karibu na maji. Desemba jua huchwa kabla ya saa kumi alasiri, na safari yote ya kurudi mtaangalia nyuso zenu kwenye kioo cha dirisha.