Mnaokwenda nje kikazi, anzeni na visa ya mwenza

Juzi nilikaa Mikindani na kijana mmoja wa mambo ya gesi aliyepata mkataba Uingereza. Nikamuuliza mama watoto anakwenda lini. Akanijibu bila wasiwasi: "Kaka, mimi natangulia. Yeye atakuja kwa visa ya matembezi, tutabadilisha hukohuko." Huyu ni wa tatu mwaka huu kuniambia hivyo. Wadogo zangu, nawapenda, lakini kwa hili mnanichosha.

1. Visa ya matembezi haigeuzwi kuwa ya mtegemezi, yaani mwenza au mtoto wa mfanyakazi, ukiwa ndani ya Uingereza. Najua kwa sababu mwaka 2022 nilihamia Aberdeen kwa visa ya mfanyakazi mwenye ujuzi, na wakati wa kujaza fomu nikawaacha mke wangu na binti yetu wa miaka minne. Nilikuwa nabana matumizi. Ada ya afya, ambayo mtegemezi naye hutozwa akiomba visa, ilikuwa pauni 624 kwa mwaka kwa mtu mzima, nami nilipewa miaka mitatu, na yote hulipwa mkupuo. Visa ya matembezi ilikuwa kama pauni 100. Nikaona nimepata njia.

Wakaja mwezi wa sita. Mke wangu alikuwa ameachia fremu yake ya vitenge sokoni Mtwara, kwa kuniamini mimi. Mwezi wa kumi ndipo nikamuuliza mwanasheria wa uhamiaji namna ya kubadilisha. Akasema haiwezekani, warudi Tanzania waombe upya, na wasivuke miezi sita. Nilipofika nyumbani nilimkuta mke wangu sakafuni, anamvalisha mtoto soksi za pili juu ya za kwanza, baridi imeshaingia. Nikamweleza. Hakupandisha sauti. Alimaliza kuvuta ile soksi, akaniuliza, "Kwa hiyo ile fremu niliiachia nini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Walirudi Mtwara, wakapanga foleni za Dar, wakapimwa kifua kikuu, wakaja tena Machi. Ile ada niliyoikwepa niliilipa yote, na juu yake tiketi za ndege. Binti alinionea haya siku mbili nzima kabla ya kukubali kunishika mkono.

Sasa ada hiyo ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. Ombeni mwajiri aibebe kabla hamjasaini. Ukishasaini, huna la kumshikia.

2. Ulizeni kazi yenyewe inaruhusu familia? Wahudumu wa matunzo walioomba visa ya Uingereza kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawakuruhusiwa kuja na wategemezi wao. Kanada, tangu Januari 2025, mwenza hapati kibali huria cha kazi kwa kila kada. Marekani, mwenza wa mwenye H-1B, visa ya kazi ya wataalamu, hupewa H-4, na wengi wao hawaruhusiwi kufanya kazi mpaka mwenye visa afike hatua fulani ya kuomba ukaazi. Wa L-1, visa ya anayehamishwa na kampuni yake, hupewa L-2 na anafanya kazi moja kwa moja. Ujerumani, mwenza wa mwenye Kadi ya Buluu, kibali cha kazi cha wataalamu, haombwi cheti cha Kijerumani. Dada mmoja wa Lindi, muuguzi mzuri sana, alimfuata mumewe bila kuuliza haya, akakaa ndani miaka miwili na leseni yake kabatini. Huwa namfikiria sana.

3. Nikaha ya msikitini ni ndoa halali, lakini ubalozini wanataka cheti cha serikali. Kifuatilieni RITA, wakala wa usajili wa serikali, mapema. Ambao hamjaoana, Uingereza wanataka uthibitisho kuwa uhusiano wenu una miaka miwili. Picha za posa hazitoshi.

4. Miadi ya alama za vidole iko Dar. Fikeni siku mbili kabla. Mei 2024 barabara ilikatika Somanga na mabasi ya kusini yakalala njiani.

Na wewe wa Mikindani, fomu yako hujaituma bado. Kila mtegemezi ana fomu yake, inaunganishwa na yako kwa namba ya maombi. Leo usiku mwambie shemeji alete pasi, kitambulisho cha NIDA na cheti cha ndoa, muviweke mezani, msome majina herufi kwa herufi. Mkiona kimoja kimeandikwa Somoe na kingine Somoye, nipigieni hata kama ni saa sita.