Gemu kuchelewa kufunguka: usikimbilie kulaumu intaneti

Mkuu, umeuliza kwa nini umepandisha kasi ya intaneti lakini gemu bado inachukua dakika tatu kufungua ramani, wenzako wameshaanza kucheza. Intaneti haihusiki sana hapo. Ramani, sauti na picha tayari zimo kwenye kompyuta yako; kinachosubiriwa ni diski izisome. Diski ya kuzunguka husoma MB 100 hadi 150 hivi kwa sekunde, tena faili likiwa limekaa sehemu moja. Mafaili madogo madogo yakitawanyika, kasi inaporomoka vibaya sana. SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya aina ya SATA hufika kama MB 550.

Gemu ikiwa inafunguka, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, uangalie diski inatumika kwa asilimia ngapi. Ikiganda kwenye 100% huku prosesa inapumua, mchawi umeshamjua. Na hizo GB 4 za RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ulizotaja zikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye diski hiyo hiyo iliyoelemewa.

Mimi nilibadilisha diski tu, nikaweka SSD, laptop ile ile ya zamani, na ramani ikawa inafunguka kabla sijamaliza kuvaa hedifoni. Ila usitegemee SSD ikuongezee fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kwenye skrini kila sekunde ukicheza. Hiyo ni kazi ya kadi ya picha na prosesa.